Enkoda ya video ni nini, na inapeleka nini kwa TV mbali na picha

Enkoda ya video ni ile chipu ndani ya dikoda ama DVD inayochukua picha ikiwa namba tupu na kuigeuza iwe umeme wa kupita kwa ule waya wa manjano mpaka kwa TV. Wengi wakisikia hivyo wanadhani kazi yake ni rangi na mwangaza basi. Kumbe kazi yake kubwa ni kushika saa, na picha ikianza kucheza mara nyingi picha yenyewe haina shida yoyote, ni saa imevurugika.

Chukua TV ya zamani ile ya kisogo, bado ziko nyingi tu huku Mombasa, Kisauni na Likoni, zinafanya kazi. Yenyewe haijui picha inaanzia wapi, inachora mstari mmoja baada ya mwengine kutoka kushoto kwenda kulia, na kwa PAL, mfumo wa analogi tuliozoea Kenya, mistari ni 625 kwa kila picha, picha 25 kwa sekunde, kila mstari una mikrosekunde 64 (mikrosekunde ni sekunde moja ukiigawa mara milioni). Picha inatumia kama 52 hivi, hizo 12 zinazobaki ni za kurudi kushoto. Sasa hapo ndipo enkoda inaposhusha volti kutoka 0.3, ambayo ndiyo weusi, mpaka 0 kwa muda wa mikrosekunde 4.7, na TV ikiona umeme umeshuka chini ya weusi inajua hii si picha, hii ni amri, rudi. Halafu volti inapanda tena, vinatumwa vizunguko kama 10 vya mawimbi ya rangi ili TV ijipange rangi zake, ndio picha inaingia, na weupe kabisa ni volti 1. Mistari ikiisha chini mapigo yanabadilika sura, matano membamba, matano mapana sana, matano membamba tena, na yale mapana ndiyo yanayoiambia TV ipande juu ianze upya. Ukiona picha inapandapanda haitulii, TV imekosa kuyasoma hayo.

Na chipu nayo inajuaje wakati? Namba zinaiingia kwa mwendo wa 27 MHz, mipigo milioni 27 kwa sekunde, yaani mipigo 1728 kwa kila mstari, na kabla picha haijaanza inatangulia alama ya baiti nne: FF (namba kubwa kabisa ya baiti), 00, 00, kisha ya nne ambayo ndiyo yenye habari. Picha yenyewe imekatazwa kutumia FF na 00, kwa hivyo haziwezi kuchanganyika, wallahi aliyefikiria hili alifikiria vizuri. Ile baiti ya nne inasema kama ni nusu ya kwanza ya picha ama ya pili (TV huchora kila picha kwa nusu mbili, mistari ikipokezana), kama tuko kwenye mapumziko ya juu ama tuko kwenye picha, na kama mstari unaanza ama unaisha. Njia nyengine ni pini mbili za sinki, yaani za kupiga saa, moja ya mstari moja ya picha nzima, na hapo lazima uamue nani anaongoza, chipu ama kile kinachoilisha, manake ukiacha wote wawili waongoze wanasukumana kwa waya mmoja na hupati picha ya maana.

Rangi pia inatoka kwa saa hiyo hiyo. Chipu inahesabu kutoka 27 MHz mpaka ipate 4.43361875 MHz ya PAL, kwa hivyo kristali, ile inayopiga hiyo saa, ikihama kidogo picha inasimama sawa kabisa lakini rangi zinapotea, na mtu anakimbilia kufungua TV bure. Dikoda ikiwekwa NTSC, mfumo wa Marekani, kwa TV inayojua PAL peke yake pia utaona nyeusi na nyeupe, ama picha inapanda, kwa sababu NTSC ni mistari 525 na rangi yake iko 3.58 MHz. Angalia menyu kwanza kabla hujampa fundi pesa.

Sasa kwa hiyo mistari 625, yenye picha ni 576. Iliyobaki 49 ni mapumziko, na kama vile mwenye mkokoteni anayetoka soko la Kongowea hapendi kurudi mtupu, wahandisi wakaamua kuipakia data. Waingereza walianza teleteksti ya Ceefax, kurasa za maandishi kwenye TV, 1974: mstari mmoja unabeba baiti 45, mbili za kuamsha saa ya TV, moja ya kuonyesha data inaanzia wapi, 42 za habari, na 40 kati ya hizo ni herufi za ukurasa. Mstari wa 23 una biti 14 zinazoiambia TV picha ni pana ama ya mraba, ndio maana TV nyengine hujibadilisha yenyewe. Marekani wao maandishi ya viziwi yako mstari wa 21, baiti mbili tu kila nusu picha.

Tangu analogi izimwe Kenya 2015 hivi vitu vinakuja kidigitali mbali na picha, kwa hivyo dikoda ikitaka vifike kwa TV kupitia waya wa manjano, lazima chipu ivirudishe mahali pake. Programu inaweka baiti kwa rejista, kijisanduku cha kumbukumbu ndani ya chipu, chipu inahesabu mistari mpaka ifike ule wenyewe, ndio inazitoa, na programu ikichelewa herufi hiyo imepita. Vile vidoa vyeupe vinavyochezacheza ukingo wa juu wa TV zinazoonyesha picha mpaka mwisho ni hiyo data, si ubovu.

Hata HDMI, ule waya wa kidigitali wa TV mpya, haikuyaacha haya mapengo. Picha ya nukta 1920 kwa 1080, ikiwa ni picha 60 kwa sekunde, husafirishwa ndani ya nafasi ya 2200 kwa 1125, na sauti yote unayosikia inapitia humo humo pembeni.