Je, wajua ni nani anayeamua Ziwa Victoria litoe maji kiasi gani?

Ukitazama ramani utajibu: Tanzania, maana karibu nusu ya ziwa ni yake. Uganda inafuata, Kenya ina takriban asilimia 6. Lakini ukubwa wa eneo haumpi mtu kauli. Wala wingi wa mito hausaidii. Kagera, ulio mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani, ukijumlishwa na mingine yote, bado huleta sehemu ndogo tu. Takriban asilimia 80 ya maji ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi yake hurudi angani kama mvuke. Hakuna nchi inayoweza kudai kwamba ndiyo hulijaza.

Mlango wa kutokea ni mmoja: Jinja, Uganda, kwenye chanzo cha Nile. Zamani palikuwa na maporomoko ya Ripon. Chukua pipa, likate ufa wa wima kuanzia mdomoni kushuka. Maji yakipanda, ufa hupitisha mengi. Yakishuka, hupitisha machache. Kila kimo cha maji kina kiasi chake cha kutoka, na hakuna anayeshika chochote. Mwamba wa Ripon ulifanya kazi hivyo hivyo.

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lilizamisha maporomoko hayo. Sasa kulikuwa na milango ya kufunga na kufungua. Uingereza, mtawala wa wakati huo, ilikubaliana na Misri kwamba bwawa litoe maji yaleyale ambayo mwamba ungeyatoa. Vipimo vya zamani vya kina na mtiririko vikachorwa kuwa mstari uliopinda, na mhandisi wa Misri akawekwa Jinja kufuatilia. Inastaajabisha kwelikweli: mwamba uliozama ukaendelea kutoa amri.

Bwawa la pili, Kiira, lilipoongezwa jirani, Uganda ilitoa maji kupita mstari huo, na kufikia 2006 ziwa lilishuka kuliko wakati wowote katika miaka 80. Ukame nao ulikuwepo, kwa hiyo kugawa lawama si rahisi.

Mei 2020 mambo yaligeuka: mvua zilipandisha ziwa hadi kuvuka rekodi ya 1964. Kwa nini basi Jinja isifungue tu? Ziwa lina kilomita za mraba 68,800 hivi. Sentimita moja ni karibu mita za ujazo milioni 690. Ukiongeza mtiririko kwa mita za ujazo 1,000 kila sekunde, utahitaji takriban siku 8 kuiondoa sentimita hiyo moja, mvua ikiwa imekoma. Ndiyo maana Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu, inahitaji takwimu za mvua kutoka nchi zote mapema, miezi kadhaa kabla maji hayajafika kwenye nyumba za watu.