Kwa Nini DVD ya Harusi Haichezi Mtandaoni Mpaka Igeuzwe?

Ukiingiza DVD ya harusi ya wazazi kwenye kompyuta, ukitaka ndugu walio mbali waitazame pia, utakuta folda iitwayo VIDEO_TS. Ndani yake harusi imekatwa vipande vipande, kwa sababu kanuni za DVD haziruhusu faili la VOB, yaani lile linalobeba picha na sauti, kuzidi GB 1. Anayenakili VTS_01_1.VOB peke yake huondoka na mwanzo wa sherehe na kuikosa keki.

DVD ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996, na ilitengenezwa kwa ajili ya deki iliyo kando ya televisheni. Deki haina bando la kuisha. Ndiyo maana picha zilibanwa kwa MPEG-2, mtindo unaokula nafasi: diski ya GB 4.7 ikibeba saa mbili, ni wastani wa megabiti 5 hivi kwa kila sekunde. Mtandao hafifu utakwama hapo. Isitoshe, vivinjari kama Chrome na Firefox havichezi MPEG-2. Kubadili jina la faili liishie na .mp4 hakusaidii kitu, maana kilichomo ndani ni kile kile.

Inabidi picha zifunguliwe na kubanwa upya kwa H.264, kodeki (njia ya kubana video) ya mwaka 2003 ambayo simu karibu zote zinaielewa; sauti ibanwe kwa AAC, na vyote vifungwe ndani ya faili moja la MP4. Kwa megabiti 1.5 kwa sekunde, saa moja ya harusi huwa kama MB 700 pamoja na sauti, na wageni bado wanatambulika sura. Programu za HandBrake na FFmpeg hufanya kazi hii bure.

Lakini wengi huharibu kwenye mistari inayojenga picha. Kwa mfumo wa televisheni wa PAL, uliotumika Tanzania na Kenya, kamera za zamani hazikuchukua picha nzima kwa mkupuo. Zilichukua mistari ya witiri, kisha ya shufwa, nusu picha 50 kila sekunde. Televisheni ya kioo kinene ilizionyesha kwa zamu hiyo hiyo, jicho likaona mwendo laini. Kioo cha simu huonyesha mistari yote pamoja, kwa hiyo bibi harusi akipunga mkono, ukingo wa mkono unatoka meno kama kitana. Kabla ya kubana, washa kichujio cha kuondoa mistari hiyo, kwenye FFmpeg kinaitwa yadif. Meno yakishabanwa ndani ya MP4, kuyaondoa vizuri ni kazi ngumu mno.

Angalia pia umbo. Picha ya PAL imehifadhiwa kwa pikseli 720 kwa 576, ila ya skrini pana inapaswa kutanuliwa ifike 1024 kwa 576. Usipofanya hivyo, ukumbi mzima unaonekana umekonda.

Halafu kuna siri ndogo ninayoipenda kuliko zote. Faili la MP4 lina faharasa inayoiambia programu ya kuchezea video kila fremu iko wapi, na programu nyingi huiandika mwishoni, baada ya video kukamilika. Faharasa ikibaki huko, kivinjari lazima kikaitafute mkiani kabla ya kuonyesha chochote, na pengine kipakue faili zima kwanza. Kuihamishia mbele huchukua sekunde chache na hakugusi ubora: kwenye FFmpeg ongeza -movflags +faststart, kwenye HandBrake weka alama kwenye Web Optimized. Hapo mtu akibofya, harusi inaanza huku sehemu iliyobaki ikiendelea kushuka.

Usisubiri sana. DVD nyingi za harusi zilichomwa kwenye diski zenye tabaka la rangi, ambalo joto na jua huliharibu taratibu. Na ukishamaliza, usiifute ile folda ya VIDEO_TS. Kila kubana hutupa sehemu ya picha isiyorudi tena, na siku ikija kodeki bora zaidi utahitaji kuanzia kwenye VOB, si kwenye MP4 yako.