Historia ya umiliki wa sanamu ya Kirumi: maana yake na namna ya kuisoma

Sanamu ya kale ya marumaru inapotangazwa mnadani, chini ya picha yake huwekwa maelezo mafupi: inamwonyesha nani, urefu wake kwa sentimita, karne iliyochongwa, bei inayokadiriwa, kisha aya ndogo yenye majina na miaka. Aya hiyo ndogo ndiyo historia ya umiliki. Ni mfuatano wa watu, familia, wafanyabiashara na makumbusho yaliyowahi kuimiliki sanamu, tangu ilipojulikana mara ya kwanza hadi inapouzwa leo, pamoja na hati zinazothibitisha kila hatua. Mnunuzi mgeni huiruka na kukodolea macho uso wa sanamu. Mzoefu huanzia hapo.

Isichanganywe na mahali sanamu ilipochimbuliwa. Hilo ni jambo jingine, na kwa sanamu nyingi zilizoko sokoni halijulikani kabisa. Wala maabara haiwezi kulijibu. Vipimo vya isotopu (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti) za kaboni na oksijeni, vinavyohitaji unga kidogo sana wa jiwe, husaidia kutambua machimbo marumaru ilikotoka: Carrara nchini Italia, visiwa vya Paros na Thasos, Dokimeion au Prokonnesos katika Uturuki ya leo. Lakini Warumi walisafirisha marumaru kwa meli katika bahari yote ya Mediterania. Jiwe la Prokonnesos lilifika hadi Leptis Magna, Libya. Kujua machimbo, basi, si kujua sanamu ilizikwa wapi, na ni wapi ilikozikwa ndipo penye swali la nani mwenye haki nayo.

Mwaka utakaousikia kila mara ni 1970. Tarehe 14 Novemba mwaka huo UNESCO ilipitisha mkataba wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni, na makumbusho mengi yameufanya kuwa mstari: kisicho na ushahidi kwamba kilikuwa nje ya nchi yake kabla ya hapo, au kwamba kilitoka kihalali baadaye, hayakinunui. Watu wengi huudhani mwaka huo kuwa msamaha kwa yote yaliyotangulia. Sivyo. Sheria ya Italia ya 1909 ilikwisha kuweka vitu vya kale vinavyofukuliwa ardhini chini ya dola, na Dola ya Uthmaniya ilikuwa na sheria yake ya 1906. Sanamu iliyochimbwa kwa siri karibu na Roma mwaka 1955 haikuhalalishwa na mkataba wa 1970.

Sasa tusome aya yenyewe. Tuseme imeandikwa: “Mkusanyo binafsi, Uswisi, miaka ya 1960, kwa urithi kwa mmiliki wa sasa.” Hakuna jina, hakuna mji, hakuna ankara. Na Uswisi hapo si neno la kupita tu. Mwaka 1995 polisi walipovamia maghala ya mfanyabiashara Giacomo Medici katika bandari huru ya Geneva, Uswisi, mahali pa kuhifadhi bidhaa bila kulipa ushuru, walikuta maelfu ya picha, nyingi zikiwa za Polaroid, zikionyesha vitu vya kale vikiwa bado na udongo, kabla havijasafishwa na kuunganishwa, dalili kwamba vilichimbwa kwa siri. Kwa hiyo kauli hiyo isiyo na karatasi nyuma yake haithibitishi lolote. Hata alama za uandishi zina kazi: katika mtindo unaofuatwa na makumbusho mengi ya Marekani, nukta mkato kati ya majina mawili humaanisha mali ilipita moja kwa moja kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, nukta humaanisha kuna pengo. Madalali si wote wanaofuata mtindo huo, hivyo uliza.

Hati zenye uzito ni ankara ya wakati ule, orodha ya mirathi, karatasi za bima, kibali cha kusafirisha nje, katalogi ya mnada wa zamani, na zaidi ya zote picha yenye tarehe inayothibitika. Sanamu zilizokuwa katika majumba ya Uingereza karne ya 19 ziliorodheshwa na mwanazuoni Mjerumani Adolf Michaelis mwaka 1882. Kitu kilichomo humo kina mguu wa kusimamia. Barua iliyoandikwa juzi na mrithi kwamba “babu alikuwa nayo” ni dhaifu. Na karatasi hughushiwa. Makumbusho ya Getty, huko California, Marekani, yalinunua sanamu ya kijana ya mtindo wa Kigiriki mwaka 1985 ikiwa na barua zake. Baadaye ikabainika kwamba barua ya 1952 ilikuwa na msimbo wa posta ambao haukuwepo hadi 1972, na ile ya 1955 ilitaja akaunti ya benki iliyofunguliwa 1963. Soma basi vichwa vya barua, anwani na namba za simu, si maudhui peke yake.

Kisha linganisha karatasi na jiwe. Hapa ndipo uongo mwingi hufichuka, na ndipo panapostahili muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Sanamu iliyoingia nyumba ya tajiri wa Uingereza karne ya 18 karibu kila mara ilipitia mikono ya mafundi wa Roma. Walikata sehemu iliyovunjika ikawa bapa, wakaunganisha pua, mkono au kichwa kipya kwa pini ya chuma, wakasugua uso wote hadi ukalainika. Chuma hicho kikipata unyevu hushika kutu, hutanuka na kupasua marumaru. Nyufa zenye madoa ya hudhurungi kuzunguka kiungo ni za kutazamiwa. Sasa ukiambiwa sanamu ilikuwa Yorkshire tangu 1770, halafu ukaikuta na ukoko wa chokaa, alama nyembamba za mizizi, na shingo iliyovunjika bila kusawazishwa, yaani dalili za ardhini ambazo mafundi wale wangeziondoa, karatasi na jiwe vinapingana. Angalia pia rangi ya mivunjiko. Marumaru ina uzito wa takriban tani 2.7 kwa mita ya ujazo, hivyo sanamu ya ukubwa wa mtu huwa na uzito wa mamia ya kilo, na waporaji huivunja ili ibebeke. Mvunjiko mweupe kama sukari kwenye jiwe lenye rangi ya asali ni wa karibuni. Chini ya taa ya urujuanimno tofauti huonekana wazi zaidi: uso wa kale hutoa mng’ao wa manjano wenye mabaka, uliokatwa karibuni huelekea zambarau.

Mvunjiko ulishaamua kesi. Mwaka 1981 Makumbusho ya Sanaa ya Boston yalipata nusu ya juu ya sanamu ya Herakles aliyechoka, yule shujaa wa hekaya za Kigiriki. Nusu ya chini ilikuwa imechimbuliwa Perge, Uturuki, mwaka 1980. Mwaka 1992 nakala za plasta za vipande vyote viwili zilikutanishwa, zikaingiana barabara. Hata hivyo kipande cha juu hakikurudi Uturuki hadi 2011.

Kosa linalowagharimu wengi ni kuamini cheti cha kanzidata ya vitu vilivyoibwa, kama ile ya Art Loss Register. Cheti husema kitu hakimo katika orodha. Sanamu iliyofukuliwa usiku haikuwahi kupigwa picha wala kuandikwa popote, itaibukaje humo? Cheti kinafaa kwa mali iliyoibwa kwa mmiliki anayejulikana tu.

Historia nzuri huuza hata jiwe lenye kasoro. Venus ya Jenkins, sanamu ya mungu wa kike wa mapenzi wa Kirumi, ilikuwa na kichwa kisicho chake na viungo vilivyoongezwa, lakini umiliki wake ulijulikana tangu ilipotoka Roma kwenda Newby Hall, jumba la Uingereza, mnamo 1765. Ilipigwa mnada London mwaka 2002 kwa takriban pauni milioni 7.9, ikaenda kwa Sheikh Saud Al-Thani wa Qatar. Kinyume chake, kichwa cha marumaru kilichonunuliwa dola 34.99 katika duka la mitumba huko Texas mwaka 2018 kilitambulika kuwa cha Kirumi kweli, na historia yake ikapatikana: kilikuwa Aschaffenburg, Ujerumani, kabla ya Vita Kuu ya Pili. Jimbo la Bavaria, mmiliki wake, halikuwahi kukiuza. Mnunuzi, ingawa alinunua kwa nia njema, hakuweza kukiuza, na kilirudishwa 2023.

Anayetaka kuingiza sanamu ya namna hii katika Umoja wa Ulaya, tangu 28 Juni 2025 anahitaji leseni ikiwa ni kitu cha kiakiolojia chenye zaidi ya miaka 250 kilichoundwa au kugunduliwa nje ya Umoja, bila kujali bei. Leseni hiyo hudai ushahidi kwamba kilitoka kihalali katika nchi kilikoundwa au kilikogunduliwa. Nchi hiyo isipoweza kujulikana kwa uhakika, au kitu kikiwa kilitoka humo kabla ya 24 Aprili 1972, hukubaliwa ushahidi wa kutoka kihalali katika nchi ya mwisho kilikokaa zaidi ya miaka 5. Omba nakala za hati hizo kabla ya siku ya mnada, maana nyundo ikishagonga unadaiwa bei yote pamoja na ada ya mnunuzi, ambayo katika nyumba kubwa kwa kawaida hufika asilimia 20 au zaidi.