Karanga nazo ni za asili

Mwezi uliopita mama mmoja anayetaka kupunguza uzito alikaa mbele yangu, kwenye chumba changu cha ushauri wa lishe hapa Dodoma, amekunja uso. Kwa miezi mitatu alikuwa ameacha sukari, soda, ngano, wali na sembe. Mzani ukasoma kilo moja na nusu zaidi ya siku tuliyoanza. "Lakini dada, mimi nakula vya asili tu," akasema, sauti ikitaka kukatika.

Maneno hayo nimeyasikia mno mwaka huu. Nimeyasikia kwa watumishi wanaoshinda wamekaa ofisini kule Mtumba, kwa wafanyabiashara wa Majengo, kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), hata kwa wauguzi. Nimechoka kuyajibu mtu mmoja mmoja, dakika kumi kila mara, kisha wiki inayofuata anaingia mwingine nayo yaleyale. Ndiyo maana naandika.

Yule mama hakunidanganya, na sikumfikiria hivyo hata kidogo. Nilimwomba anipitishe kwenye siku yake. Asubuhi parachichi zima na chai ya tangawizi yenye asali. Saa nne karanga za kukaanga, "kidogo tu". Mchana ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga za kusaga. Jioni uji wa lishe, maana aliambiwa uji ni chakula chepesi. Nikamwambia: mama, kesho kutwa rudi na hizo karanga zako na kijiko unachochotea asali.

Akarudi. Nikaweka kibakuli juu ya mzani wangu mdogo wa jikoni, nikamwambia achote kama anavyochota nyumbani. Akachota viganja viwili vimejaa, nyingine zikadondoka mezani, akaziokota akazirudisha kibakulini. Gramu 110. Hizo ni kalori zaidi ya 600. Asali alikuwa anatia vijiko vitatu vya chakula, karibu kalori 190. Parachichi kubwa, nyama yake tu bila kokwa, linafika gramu 200, yaani kalori kama 320. Jumla ni zaidi ya kalori 1,100, na ugali bado haujasongwa. Kwa mwanamke wa umri wake anayeshinda kwenye kiti, hizo ni zaidi ya nusu ya mahitaji ya siku nzima. Na hakuna hata kimoja hapo kilichotoka kiwandani.

Alikitazama kile kibakuli kwa muda, kisha akauliza: "Sasa nile nini?" Nitalifikia hilo.

Kwanza niwape haki yao wanaosema vyakula visivyosindikwa vinapunguza uzito, maana hawajakosea. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake kwenye taasisi ya taifa ya afya ya Marekani walichapisha jaribio ambalo kila mtu wa fani hii analijua. Watu 20 walilazwa kituoni wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula halisi, na kila mmoja aliruhusiwa kula mpaka aridhike. Vilivyoandaliwa mezani vililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Walipokuwa kwenye vilivyosindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye vyakula halisi walipungua karibu kiasi hichohicho. Hakuna aliyewaambia wajinyime.

Kwa hiyo chakula halisi kinasaidia. Swali ni kinasaidia kwa njia gani, na hapo ndipo watu wanaponipotea. Kinasaidia kwa sababu mara nyingi kinakufanya ule kidogo bila kujilazimisha: kinatafunwa taratibu, kina maji mengi na nyuzinyuzi, tumbo linajaa mapema. Mchicha, matembele, mlenda usiotiwa karanga, tikiti, maharage, vyote hivyo vinajaza sahani kwa kalori chache. Lakini karanga, korosho, asali, tende, parachichi na mafuta havifanyi kazi hiyo hivyo. Vimebeba nguvu nyingi ndani ya kiasi kidogo. Mafuta ya alizeti uliyoyashuhudia kwa macho yako yakikamuliwa Singida, kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120. Ya dukani yenye lebo ya kung'aa, 120. Mafuta ya nazi, hivyohivyo. Mwili unapohifadhi mafuta hauulizi yalikamuliwa wapi.

Dona na sembe nazo niziseme haraka. Gramu 100 za unga wa dona na gramu 100 za sembe zina kalori zinazokaribiana sana, na uwele ni hivyohivyo. Dona na uwele vina nyuzinyuzi na madini zaidi, vinashibisha zaidi, na mimi mwenyewe nyumbani kwangu tunakula uwele. Badilisha unga, ni jambo jema. Lakini ukibadilisha unga na kuacha ugali ukiwa mlima uleule, usitegemee mzani ushuke.

Uji wa lishe unaniumiza zaidi, kwa sababu sisi watu wa afya ndio tulioupa sifa. Ule uji wenye mahindi, ulezi, soya na karanga tunaufundisha kina mama wawape watoto wadogo ili waongezeke uzito. Tumbo la mtoto ni dogo, kwa hiyo tunataka kila kijiko kibebe nguvu nyingi. Mtu mzima anayetaka kupungua akinywa kikombe kikubwa usiku juu ya chakula alichokwisha kula, anatumia dawa ya tatizo lililo kinyume na lake. Tuliwahi kuwaambia watu uji huu ni mzuri, tukasahau kumalizia ni mzuri kwa nani.

Sasa niende kwenye kundi la pili, wale wanaosema adui ni wanga, acha ugali kabisa, wiki moja tu utaona. Ni kweli utaona. Utapungua kilo mbili, pengine tatu. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo watu wanapotapeliwa.

Mwili unahifadhi wanga kwenye misuli na ini kama glaikojeni, kwa mtu mzima kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu moja inashikilia takriban gramu tatu za maji. Ukiacha wanga ghafla, akiba ile inatumika na maji yake yanatoka kwa mkojo. Hizo ni kama kilo mbili, bila mafuta ya maana kuguswa. Sasa piga hesabu ya yale matangazo yanayoahidi "kilo tatu za mafuta kwa siku saba". Kilo moja ya mafuta ya mwilini inakadiriwa kubeba kalori 7,700. Kilo tatu ni 23,100. Gawa kwa siku saba: kalori 3,300 za upungufu kila siku. Wanawake wengi ninaowahudumia hawatumii kiasi hicho kwa siku hata wakila kawaida. Hata ukifunga kula kabisa hesabu hiyo haitimii.

Kisha inakuja harusi ya ndugu, unakula pilau na soda moja, glaikojeni inarudi na maji yake, na Jumatatu mzani umepanda kilo mbili. Mtu anashtuka, anaamini wanga ni sumu kwake, anajilaumu, anaanza upya kwa ukali zaidi. Nimewaona watu wakiuzunguka mduara huo miaka mitano, na kila mzunguko wanazidi kujichukia. Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote.

Na je, kati ya kupunguza wanga na kupunguza mafuta, kipi kina nguvu zaidi? Kuna utafiti wa Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford, wa mwaka 2018, uliofuatilia watu 609 kwa miezi 12. Nusu walipunguza mafuta, nusu walipunguza wanga, na pande zote mbili zilielekezwa kula vyakula halisi, mboga nyingi, sukari na unga uliokobolewa kwa uchache. Mwishoni wa kwanza walikuwa wamepungua wastani wa kilo 5.3, wa pili kilo 6.0. Tofauti hiyo kitakwimu haina uzito. Lakini ndani ya kila kundi kulikuwa na waliopungua zaidi ya kilo 20 na walioongezeka. Watafiti walijaribu kutabiri nani atafaa wapi kwa kuangalia jeni na jinsi mwili unavyotoa insulini. Haikutabirika.

Nakiri jambo ambalo vitabu vya mafunzo vinalipita haraka: mtu anapoingia mlangoni kwangu, siwezi kumwambia kwa uhakika mpango upi utamfaa. Nabahatisha kwa uzoefu, kisha tunaangalia. Na ile hesabu ya 7,700 niliyoitumia hapo juu inafaa kumuumbua tapeli, lakini haifai kukupangia mwaka mzima, kwa sababu mwili unapopungua unatumia nguvu kidogo zaidi na kasi inashuka. Hata kalori ninazozitaja ni makadirio. Nategemea majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008, ila mlenda wa mama huyu na mlenda wa jirani yake vinaweza kupishana mara mbili kwa wingi wa karanga.

Nina shaka nyingine pia. Nilifundishwa kusema "kula kila kitu kwa kiasi". Miaka ya mwanzo nilikuwa namsahihisha kila aliyetaka kukata kitu moja kwa moja. Baadaye akaja baba mmoja wa Makole, mpenzi wa chipsi mayai. Kwa kiasi hakuweza. Akianza, anamaliza sahani na kuagiza nyingine. Alipoacha kabisa alitulia, na miaka miwili sasa hajarudi nyuma. Kuna watu ambao katazo kamili kwao ni jepesi kuliko kiasi. Wengine ukiwakataza kitu, usiku wanakiota. Sina kipimo cha kuwatenganisha zaidi ya kuwauliza na kuwaamini.

Mara nyingi mtu ananiletea mfano wa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi: hawana vitambi kwa sababu hawali wanga. Wanakula wanga mwingi sana. Wanakula mizizi wanayoichimba, wanakula ubuyu, na asali ni sehemu kubwa ya nguvu wanazopata. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu ambazo miili yao inatumia kwa siku. Ukizingatia ukubwa wa mwili, hazikupishana na za watu wa Marekani na Ulaya. Kwa hiyo hata kutembea kwao kote hakuelezi wembamba wao kama tulivyodhani. Mimi naona jibu kubwa liko kwenye upatikanaji: asali ile inafuatwa juu ya mbuyu penye nyuki, inagawanwa, inakwisha. Yule mama ana dumu la lita tano chini ya meza, na kijiko kimelala juu ya mfuniko.

Kuna jambo moja ambalo sina subira nalo hata kidogo. Kama una kisukari na unatumia glibenklamidi au insulini, usiache wanga ghafla bila kuonana na anayekutibu. Dawa inaendelea kushusha sukari hata kama chakula kimepungua. Mzee mmoja aliletwa na mwanawe asubuhi, shati limelowa jasho, mikono inatetemeka, hajui leo ni siku gani. Kipimo cha sukari kikasoma 2.6, chini mno. Siku tatu alikuwa anakula nyama na mboga tu, kwa ushauri aliosambaziwa kwenye kundi la WhatsApp, na dozi ya dawa ilikuwa ileile. Alipona kwa sababu mwanawe aliamka mapema. Ukisambaza ushauri kama ule bila kutaja dawa, unacheza na uhai wa mtu.

Na wale waliopungua kisha wakarudi walikotoka, tafadhali msijiite wavivu. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walionyesha kwamba watu waliopungua kwa mlo wa kalori chache sana wa wiki 10, mwaka mmoja baadaye bado homoni za njaa zilikuwa zimepanda na hamu ya kula ilikuwa kubwa kuliko kabla ya kuanza. Mwili ulikuwa unavuta kurudi. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mpango wowote ni kama utaweza kula hivyo Krismasi, Idi, msibani, na siku mkienda mnada wa Msalato kwenye nyama choma. Kama jibu ni hapana, ukali wake haunivutii.

Nirudi kwa mama. Hakuacha karanga. Tulikubaliana kiganja kimoja kisichojaa, kama gramu 30, na kwenye mlenda vijiko viwili vya karanga kwa sufuria nzima ya watu watano. Uji wa usiku tukauondoa. Asali kijiko kimoja cha chai. Ugali wa uwele ukabaki, ukubwa wa ngumi yake, na pembeni kunde au dagaa au mayai, kwa sababu tukipunguza karanga na kuondoa uji, siku yake ingebaki na protini kidogo ya kumshikilia. Parachichi nusu. Mboga asipime.

Ijumaa alirudi, wiki mbili zimepita. Gramu 900 chini. Nikamwambia ukweli, kwamba sehemu ya hizo inaweza kuwa maji na tusishangilie kabla ya miezi mitatu kupita. Akasema anajua. Kisha akafungua mkoba akatoa kikombe kidogo cha plastiki alichonunua Sabasaba, amekichora mstari kwa kalamu ya wino pale gramu 30 zinapofika, akaniomba nikipime kama mstari uko sawa.