Parokia iliyoanzia darasani

Mtu akiingia kwa mara ya kwanza katika kanisa la Kiorthodoksi nchini Kenya, akakuta ikoni, yaani picha takatifu, ubani na padri mwenye ndevu ndefu, swali humtoka lenyewe: Wagiriki waliileta dini hii lini? Wagiriki walikuwapo Afrika Mashariki, ndiyo, wengi wakifanya biashara na kilimo. Lakini parokia hizi hazikuanzishwa nao. Waafrika wenyewe ndio waliofunga safari kuutafuta Uorthodoksi.

Kwa Wakikuyu kisa kilianza 1929, misheni za Kiprotestanti zilipowataka waumini waikane tohara ya wasichana. Wengi walitoka. Siku zile kutoka kanisani kulikuwa pia kumtoa mtoto shuleni, maana shule zilikuwa mikononi mwa misheni. Basi wakajenga zao. Chama kimojawapo kilijiita Karing'a, yaani halisi, wasiochanganyika. Shule zikasimama, ila padri hakuna: nani abatize watoto, nani afungishe ndoa? Mwaka 1935 akaja Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, askofu mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Afrika, kanisa lililojitegemea bila kutambuliwa na Waorthodoksi wa kale, akafundisha makasisi na kuondoka 1937. Arthur Gatung'u Gathuna alikuwa mmoja wa wanafunzi wake.

Uganda walikuwa wametangulia. Alexander huyohuyo alimpa upadri Reuben Spartas mwaka 1932. Inasimuliwa kwamba Mgiriki mmoja alimpeleka mwanawe kubatizwa, akashangaa kuona ibada haifanani na aliyoizoea. Spartas hakulipuuza jambo hilo. Aliandika barua hadi Aleksandria, Misri, kwenye makao ya Patriaki, mkuu wa Waorthodoksi wa Afrika, na mwaka 1946 Upatriaki huo ukawapokea Waorthodoksi wa Uganda na Kenya. Sijui wangapi kati yetu tungekubali kuambiwa tumekosea, kisha tukaanza upya.

Furaha haikudumu. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilizifunga shule za Karing'a pamoja na makanisa yake, na Gathuna akawekwa kizuizini. Uhuru ulipokaribia, Aleksandria iliunda jimbo la Irinoupolis, lenye makao Dar es Salaam. Neno hilo la Kigiriki maana yake ni mji wa amani, kwa hiyo ni Dar es Salaam iliyovishwa kanzu nyingine. Baadaye Askofu Mkuu Makarios III, aliyekuwa pia Rais wa Cyprus na aliyejua mwenyewe uhamisho wa Waingereza kule Shelisheli, alibatiza maelfu ya watu Kenya na kuanzisha seminari ya Riruta, Nairobi.

Anayetaka kuandika historia ya parokia yake, basi, asianze na makabati ya ofisi peke yake. Awatafute wazee, kisha aende kanisani mapema, kabla Liturujia, ibada kuu ya Jumapili, haijaanza.

Saa hiyo padri yuko nyuma ya ukuta wa ikoni, ana mkate uliotiwa chachu na kisu kidogo chenye umbo la mkuki. Waumini wameleta vikaratasi: upande mmoja majina ya walio hai, upande wa pili marehemu. Ni majina ya ubatizo tu, bila cheo wala ukoo. Kwa kila jina padri hukata chembe ya mkate na kuiweka kwenye sahani moja, walio hai na wafu pamoja. Ibada ikiisha, mkate uliobaki hukatwa vipande na kugawiwa mlangoni. Watoto hujipanga mbele, na wapo wanaorudi mara ya pili kana kwamba padri hawaoni.

Zipo familia ambazo zimekuwa zikipeleka majina yaleyale ya marehemu kwa miaka mingi, pengine ya babu aliyebeba mawe ya kujengea lile darasa la kwanza. Mwombe padri ruhusa, kisha ukae na bibi anayeyaandika. Jina moja baada ya jingine, atakueleza huyu alikuwa nani.