Asetoni kwenye pumzi haimaanishi kisukari

Hapa Tanga, Ramadhani ikiingia, hukosi kumsikia mtu barazani Ngamiani akimwambia mwenzake alasiri: "Shehe, mdomo wako unanuka kisukari, kapime." Nia ni njema, lakini maneno haya yamezidi na yanawatia watu hofu bure.

Harufu inayohusishwa na kisukari ni ya asetoni, mojawapo ya kampaundi za kaboni zinazogeuka mvuke upesi hata kwenye joto la kawaida. Mwili hutoa mamia ya aina za kampaundi hizo kupitia pumzi, jasho, mkojo na ngozi. Mwaka 1971 mwanakemia Mmarekani Linus Pauling alikuta aina zipatazo 250 kwenye pumzi ya binadamu. Ugonjwa ukivuruga kazi ya mwili, viwango vyake hubadilika, na mabadiliko hayo ndiyo wataalamu wanayoyafuatilia.

Tatizo liko kwenye chanzo. Harufu ya mfungaji saa kumi jioni kwa sehemu kubwa huanzia mdomoni. Mate yamepungua, na bakteria walio nyuma ya ulimi wanavunja protini na kutoa gesi za salfa, mojawapo ni ile inayonuka kama yai viza. Gesi hizo hazikutoka kwenye damu. Asetoni ni habari nyingine kabisa: mwili ukikosa sukari ya kutumia, ini hugeuza mafuta kuwa ketoni, sehemu ya ketoni hizo huwa asetoni, nayo husafiri na damu hadi mapafuni ndipo itoke. Harufu yake ina utamu mkali, ndiyo ile inayokupiga puani saluni wakifungua chupa ya kufutia rangi ya kucha.

Na hata hiyo asetoni si mali ya ugonjwa. Mtu mwenye afya anayo kidogo kwenye pumzi yake kila siku. Akifunga huongezeka, akiacha ugali na wali ili apungue, huongezeka pia. Kwa mgonjwa wa kisukari hupanda sana pale insulini, homoni inayouwezesha mwili kutumia sukari, inapokosekana na damu ikaanza kujaa asidi, na hapo tayari ni dharura. Wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya 2, ambacho ndicho kilichoenea zaidi, hawanuki asetoni hata chembe. Hili ndilo linaloniuma: anayeambiwa mdomo wake hauna harufu anaondoka ametulia, kumbe sukari iko juu.

Wapo wanaonijibu, mbona panya wa Morogoro wananusa kifua kikuu? Wananusa kweli, panya buku wa APOPO, shirika linalofunza panya kunusa. Lakini hawanusi watu. Hunusa makohozi yaliyoletwa kutoka vituo vya afya, baada ya mafunzo ya miezi mingi. Sampuli ambayo panya ameishuku hurudiwa maabara kwanza, ndipo mgonjwa aambiwe. Ikiwa panya aliyefunzwa hivyo bado anahakikiwa, pua ya barazani itaaminiwaje?

Basi ukimshuku mwenzako, mwambie akapime sukari zahanati. Ni tone la damu ya kidole tu. Ila ukimwona ana kiu isiyokatika, anakojoa kila mara, anatapika na anahema kwa nguvu, usimwache angoje futari. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, anuke asinuke.