Je, wajua kwa nini mnazi uliokaushwa na baridi unaweza kuchipua tena?

Mwezi wa saba mama mmoja alirudi kitaluni kwetu Nyegezi na mnazi mchanga tuliomuuzia akiwa bado Mwanza, ukiwa kwenye ndoo ileile. Karibu makuti yote yamekuwa kahawia kama tumbaku. Alikuwa amehamia Njombe, akauweka barazani, na kule Juni na Julai kuna alfajiri umande huganda. Akauliza kama autupe. Nikamwomba, "Mama, niachie kwanza."

Mwembe ukikatwa, kisiki huchipua pembeni. Mnazi una kichwa kimoja tu: kila kuti huzaliwa katika sehemu laini iliyofichwa kileleni, ambayo watu wa pwani huiita shaha, na vikonyo vya makuti huizunguka kama nguo nyingi za mtoto mchanga. Ndiyo maana baridi inaweza kuua kila jani unaloliona na shaha ikabaki nzima. Ikioza shaha, mti umekwisha hata kama makuti bado ni ya kijani.

Na baridi inaua vipi jani? Ngozi nyembamba ya kila seli ina mafuta ndani yake. Kwa mimea ya joto, baridi huyakaza mafuta hayo, kama mafuta ya nazi yanavyoganda kwenye chupa asubuhi ya kipupwe. Ngozi inavuja, jani linanyauka. Barafu ikiingia ndani, seli zinapasuka kabisa.

Niliuweka kivulini, mbali na upepo wa ziwani. Jua kali mara moja lingemalizia majani yaliyodhoofika. Maji nilipunguza sana, kwa sababu mti uliopoteza majani hunywa kidogo sana. Nilimwagilia udongo ulipokauka kina cha vidole viwili, na sikuruhusu tone liingie kileleni. Kinachoua minazi mingi baada ya baridi ni uozo unaoingia pale juu. Nilinyunyiza dawa ya ukungu yenye shaba. Mbolea sikuweka kabisa. Niliyakata makavu matupu tu. Kuti lenye kijani, hata robo, bado linaulisha mti, kwa hiyo tafadhali usilikate kwa ajili ya sura.

Halafu nikachukua kalamu ya wino. Jani changa lililojikunja kama mkuki nililichora mstari, na kikonyo cha jirani yake nikakichora usawa uleule. Ukilivuta taratibu likang'oka na kunuka, shaha imeoza. Hili lilishika. Wiki ya tatu mstari wake ulikuwa umepanda upana wa kidole juu ya ule wa jirani, nikampigia mama simu hapohapo.

Jani lilifunguka mvua za vuli zilipoanza, ncha zake zikiwa kahawia na zimekunjamana. Mama aliona picha akaogopa. Lakini jani hilo lilikuwa limeshaumbika ndani ya shaha baridi ilipopiga, likatoka na kovu lake. La pili lilikuwa na madoa kidogo. La tatu limetoka safi.